Behewa la mafuta kwa reli ya mezani: nimejaribu manne, nimebaki na moja na nusu

Nimeendesha lori la mafuta miaka kumi na mmoja, Kurasini mpaka Tunduma, mara nyingine navuka mpaka Ndola. Petroli naijua kwa harufu, dizeli naijua kwa kuisugua vidoleni. Kwa hiyo siku mwanangu aliposema treni yetu ya mezani haina behewa la mafuta, nilimjibu kwa majivuno ya dereva mzoefu: hilo niachie mimi. Ikanichukua miezi minane na mabehewa manne. Mawili ya kwanza niliyanunua kwa ujuaji.

Reli yenyewe ni hii. Ubao wa futi 4 kwa 6 umelala juu ya meza mbili kuukuu kwenye besimenti ya nyumba tunayopanga hapa Columbus, Ohio, ubavuni mwa mashine ya kufulia. Mzee mmoja jirani yetu alipohamia kwa binti yake alimpa mwanangu sanduku zima: vipande vya reli, transfoma na injini moja. Skeli ni HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na reli mbili zimeachana milimita 16.5. Kuna duara moja, kona zake ni zile za inchi 18 zinazokuja na seti nyingi za hapa Marekani. Ukipima kutoka kitovu cha duara mpaka katikati ya njia unapata sentimita 45.7. Halafu kuna pointi mbili, pale reli inapogawanyika, na kila moja inatoa njia ya pembeni. Basi, hapo ndipo himaya yetu inapoishia. Mke wangu ameshatamka kwamba upande wa mashine ya kufulia haivuki.

Injini ni GE ya tani 44, dizeli kibete yenye kibanda katikati na pua mbili. Zile za kweli zilianza kutengenezwa 1940, na uzito wake una kisa. Kampuni za reli na chama cha wafanyakazi walikuwa wamekubaliana kwamba injini ya ratili 90,000 na kuendelea lazima iwe na mtu wa pili kibandani. GE wakaja na ya ratili 88,000, dereva akabaki peke yake. Mimi niliyelala barabarani na utingo miaka yote ile, nilimhurumia sana huyo mwenzetu aliyefukuzwa kazi na mizani.

Kwa hiyo sisi tuko miaka ya 1950, mji mdogo, injini ndogo. Kwenye njia ya pembeni iliyo ndefu kidogo, sentimita 41 kutoka pointi hadi kikomo, tumejenga depo: makopo matatu ya vidonge vya presha vya mama mkwe, tumeyapaka rangi ya fedha, ndiyo matangi ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kuna kibanda cha pampu cha kadibodi, na bomba la waya linalojikunja kama shingo ya korongo, ambalo ndilo linaloshuka kwenye behewa. Lilikosekana behewa tu.

La kwanza nililipata kwenye maonyesho ya treni, yale ya ukumbini ambako wazee wanapanga mezani vitu vyao vya zamani kama mitumba ya Karume. Dola 18. Jeusi, refu, ganda nyororo, la aina ya kisasa inayobeba galoni 30,000 hivi. Nililipenda kwa sababu moja ambayo sioni aibu kuisema: lilifanana na tela langu. Sentimita 21 kutoka kichwa hadi mkia. Nililiweka nyuma ya injini yetu, ambayo haifiki hata sentimita 12, mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Injini ilikuwa kama utingo aliyebebeshwa friji.

Kucheka si hoja. Hoja ilikuja kwenye kona. Behewa refu likipinda, bogi zake mbili, yaani vigari vya magurudumu vilivyo chini ya kila mwisho, zinafuata reli lakini tumbo linakata kona kwa ndani, kama tela linavyopanda ukingo wa barabara pale dereva anapokunja mapema. Tumbo la hili liliparuza kibanda cha pampu na kukilaza chali. Nikataka kujua linaingia ndani kiasi gani hasa, nikabandika risasi ya penseli ubavuni kwa utepe, nikalaza karatasi kando ya reli, nikalisukuma polepole kwa kidole. Mstari uliochorwa uliniambia milimita 7 ndani zaidi kuliko lilipokuwa limesimama kwenye reli iliyonyooka. Baadaye nilifanya vilevile na behewa fupi: milimita 2. Hilo jaribio la penseli halina gharama, na ningeomba muuzaji yeyote wa maonyesho akuruhusu ulifanye kabla hujatoa pesa, kama ana kipande cha reli ya kona mezani. Wengi wanacho.

Wenye mchezo huu wana kanuni yao: chukua urefu wa behewa lako refu kuliko yote, uzidishe mara tatu, na kona yako isiwe chini ya hapo ukipima kutoka kitovu. Mara mbili na kidogo, behewa linaweza kupita likiwa peke yake, ila ukilifunga na mwenzake fupi linamvuta pembeni mpaka anatoka. Langu lilikuwa mara mbili na kidogo. Behewa la sentimita 13 kwenye kona hiyohiyo ni mara tatu na nusu. Ningeijua kanuni hiyo mapema, dola 18 zingebaki mfukoni.

Na hata lingepita, lisingekuwa la wakati wetu. Mabehewa kama yale hutembea kwa makundi, treni nzima ya mafuta ghafi, mia moja au karibu na mia, kutoka visimani moja kwa moja hadi kiwandani. Lile langu lilikuwa na maandishi ya DOT-117, kiwango cha ganda nene kilichotangazwa 2015, baada ya treni ya mafuta kuporomoka usiku katikati ya mji wa Lac-Mégantic, Quebec, Julai 2013, na kuua watu 47. Mimi niliyepita Msamvu, Morogoro, mara zisizo na idadi, kabla na baada ya lori la mafuta kulipuka pale na kuua watu Agosti 2019, sihitaji mtu kunieleza kwa nini waliongeza unene wa chuma. Lakini ganda la 2015 nyuma ya injini ya 1940, hapana.

La pili lilikuwa na aibu yake. Safari hii nilikuwa mjanja, nikatafuta fupi. Sentimita 16, rangi nyeusi, bei nzuri mno. Nikaliagiza kwa simu nikiwa mapumziko ya saa nane usiku kazini, picha ikiwa ndogo kama ukucha. Lilipofika, mke wangu akavaa miwani akasoma vile viherufi vya ubavuni, akaniuliza: "Baba, hii petroli yako ni ya mahindi?" Lilikuwa behewa la sharubati ya mahindi, ile nzito ya kutengenezea soda na peremende.

Na hapo ndipo dereva wa mafuta nilipojiona mjinga kweli, kwa sababu ufupi wake ulitakiwa kuniambia. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Lita moja ya sharubati ile inakaribia kilo moja na nusu. Reli, kama barabara, inapima uzito, haipimi ujazo. Kwa hiyo behewa la kisasa la sharubati linajengwa dogo, galoni 17,000 hivi, na la petroli linajengwa kubwa, na yote mawili yakijaa yanasimama kwenye mizani karibu sawasawa. Behewa la siku hizi lililo nene na fupi, mara nyingi limebeba kitu kizito kuliko mafuta. Soma maandishi. Kama picha ni ndogo, muulize muuzaji akupigie nyingine.

Kuna mtego mwingine wa aina hiyo, nao nashukuru niliukwepa. Yale matangi meupe marefu yenye kofia moja tu juu katikati, ambayo seti nyingi huyachora nembo za mafuta, kwa kawaida ni ya gesi. Utalijua kwa tumbo: behewa la gesi ya mgandamizo halina mdomo wa kumwagia chini, valvu zake zote zimejificha juu ndani ya ile kofia. Behewa la petroli au dizeli lina mdomo chini ya tumbo, katikati. Nililishika moja dukani, nikaligeuza kama daktari anavyogeuza mtoto, nikalirudisha rafu.

Baada ya sharubati nilikaa chini nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuanza nayo. Kurasini hakuna dereva anayepakia bila kuuliza anayepokea ana tangi la ukubwa gani. Nikachukua kopo la vidonge: kimo sentimita 7, upana 3.5. Zidisha mara 87, unapata tangi la mita 6 kwenda juu na mita 3 kwa upana, lita 40,000 na ushei. Lile behewa langu la kwanza lilikuwa linaleta lita 113,000 za bidhaa moja, shehena ya malori matatu kama langu, kwenye depo ambayo tangi la bidhaa hiyo halifiki hata nusu yake. Zingemwagwa wapi? Kwenye mashine ya kufulia?

Behewa la galoni 8,000, lililokuwa la kawaida kabisa kwenye reli za Marekani kabla na baada ya Vita vya Pili, ni lita 30,000 na kidogo. Pungufu ya semi tela langu, lililokuwa la lita 36,000. Kuliona hivyo kulinishangaza. Nilizoea kudhani behewa ni kubwa kuliko lori kwa vyovyote vile. Lita 30,000 zinaingia kwenye kopo la mama mkwe na nafasi inabaki. Muuza mafuta wa mji mdogo angeagiza hilo moja, akalimwaga taratibu siku mbili, likarudi tupu. Hiyo ndiyo kazi ambayo treni ya mezani inaweza kuifanya: behewa moja kuja, kusimama, kuondoka.

Kwa hiyo sasa nilijua natafuta nini. La tatu lilikuja kwa dola 6, na lina nundu tatu.

Nundu ndilo jina nililolipa mimi. Ni kile kitako cha mviringo kinachochomoza mgongoni mwa tangi la zamani, chenye mfuniko juu yake. Watu wengi wanadhani ni mlango tu. Kazi yake kubwa ni kuyapa mafuta pa kupumulia. Petroli ikipata joto inavimba, kama lita moja kwa kila mia ukiongeza nyuzi kumi. Tangi likijazwa hadi ukingoni asubuhi, mchana lina deni. Hivyo walijaza ganda lote, na nundu ikaachwa wazi iwe nafasi ya kuvimbia; ujazo wake ulitakiwa kuwa walau asilimia 2 ya tangi. Baadaye wakaona ni rahisi zaidi kuacha nafasi ndani ya ganda lenyewe, nundu zikatoweka kwenye mabehewa mapya. Ndiyo sababu nundu inakuambia umri wa behewa bila kusoma tarehe.

Mambo haya yaliwahi kuninyima usingizi. Nilipakia Dar mchana, jua la Februari, nikapandisha Iringa, nikalala Makambako kwenye baridi ile inayokufanya uvae makoti mawili. Asubuhi tukatia fimbo ya kupimia, zikakosekana lita mia saba. Sili zote zilikuwa zima. Tajiri kwenye simu hakutaka kusikia habari za nyuzi joto, alisikia wizi tu. Nilikatwa mshahara. Sasa nikimweleza mwanangu nundu ni ya nini, namweleza kwa uchungu kidogo.

Nundu tatu maana yake chemba tatu, kila moja na bidhaa yake, kama tela lenye chemba. Na hapa ndipo behewa la dola 6 linapolishinda la nne, la dola 36, kwa utamu wa mchezo. Ukiwa na nundu moja, unaliegesha chini ya bomba mara moja, kwisha. Ukiwa na tatu, unaegesha nundu ya kwanza, unamwaga petroli. Unasogeza sentimita tatu na nusu, dizeli. Unasogeza tena, mafuta ya taa. Mwanangu anaweza kukaa nusu saa kwenye njia ya pembeni ya sentimita 41 bila kuzunguka duara hata mara moja. Nani alisema reli ndogo inachosha?

Ila behewa lenyewe lilikuwa na maradhi. Kwanza uzito. Chama cha wenye reli za mifano cha Marekani, NMRA, kina pendekezo la uzito: kwa HO ni wakia moja, halafu nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 5 na nusu linatakiwa liwe gramu 106 hivi. Mizani ya jikoni ilisema 62. Behewa jepesi likisukumwa kwenye pointi linaruka kama mbuzi aliyeona mbwa.

Dawa yake nimeipata kwenye chenji. Sarafu ya senti 5 ya Marekani ina uzito wa gramu 5 kamili, na upana wake ni milimita 21 na kidogo. Tangi la aina hii lina upana wa ndani wa milimita 22 hivi. Niliingiza ncha ya kisu kidogo kwenye kingo ya kifuniko cha mwisho wa tangi, nikakizungusha polepole huku nikisikiliza gundi ya zamani ikikatika, tik, tik, mpaka kikafunguka. Ndani mlikuwa na kipande cha bati na utupu. Sarafu zikaingia kama zimepimiwa humo: nne mwisho huu, nne mwisho ule, gramu 40. Mwanangu akapendekeza tujaze maji badala ya sarafu, "iwe kweli." Nikamkatalia kwa sauti ambayo labda ilikuwa kali kuliko ilivyostahili. Tangi lililojaa nusu ni kitu kinachotembea chenyewe. Ukishika breki, mzigo haushiki breki. Unakuja nyuma yako na kukusukuma, na kwenye kona unaegemea upande usioutaka. Sarafu nilizipaka gundi hata zisicheze kidogo.

Maradhi ya pili ni magurudumu ya plastiki, yanayookota uchafu na kuusambaza reli nzima. Nimeweka ya chuma, yale yanayoitwa ya inchi 33, ambayo kwa skeli hii ni milimita 9.6 upana. Ukiwa kwenye duka usije ukachukua ya inchi 36. Hayo ni ya mabehewa mazito ya kisasa, na kwenye behewa fupi la zamani yanalinyanyua, ndoano zikakosana kimo.

Ndoano ndiyo maradhi ya tatu, na ndiyo sababu kichwa cha habari kinasema moja na nusu. Behewa hili la bei poa lilikuwa na ndoano za plastiki za mtindo wa zamani zilizoshikwa na bogi yenyewe badala ya kushikwa na chesisi. Kuvuta, halina neno. Kurudi nyuma, nguvu ya injini inaingia kwenye bogi, bogi inajikunja, gurudumu linapanda reli. Na depo yetu inaingiwa kwa kurudi nyuma tu. Nimekata ndoano ya upande mmoja, nikafunga kwa skrubu kisanduku cha ndoano ya chuma ya kampuni ya Kadee chini ya chesisi, na kukipima kimo kwa kile kipimo chao cha chuma. Upande huo sasa unashika kwa mlio mdogo wa kupendeza na hauachii ovyo. Upande wa pili bado. Kwa hiyo kwa sasa ni behewa linaloelekea upande mmoja tu, na ndilo hilo nusu.

La nne ni jipya, dola 36, na nililificha kwenye gari siku mbili kabla ya kulileta ndani. Ni mfano wa ACF Type 27 ya galoni 8,000. ACF ni American Car and Foundry, na 27 ni mwaka wa muundo wake, 1927. Urefu karibu sentimita 13, nundu moja katikati. Ukiliweka nyuma ya injini yetu vinatazamana kama watu wa rika moja.

Nitalisogeza karibu ulione. Tangi limekaa juu ya chesisi kwa mikanda ya chuma, na mikanda hiyo imetengenezwa kweli, haikuchorwa. Mistari ya ribiti inazunguka ganda, midogo kama mbegu za mchicha. Inaonekana ukiegemeza taa ya simu kwa ubavu. Ngazi mbili zinapanda hadi kwenye nundu, na kuna jukwaa dogo la kusimama. Nimewahi kusimama juu ya tangi la kweli nikiwa na fimbo ya kupimia mkononi, upepo wa bahari ukinisukuma, na hilo jukwaa dogo linanigusa kuliko nembo yoyote. Waya wa kushikia unazunguka tangi lote kwa unene wa uzi wa kushonea. Chini kuna mdomo wa kumwagia, mahali pake hasa. Mizani inasema gramu 96, pendekezo ni 100. Nimeliacha hivyohivyo na halijawahi kutoka kwenye pointi. Magurudumu ya chuma, ndoano zimeshikwa na chesisi. Sikugusa kitu.

Waya wa kushikia nimeshauvunja, sehemu moja, kwa mkono wa sweta langu mwenyewe wiki ya kwanza. Nikaubandika kwa tone la gundi lililowekwa na sindano. Kama mtoto wako ana miaka minne au mitano, usimnunulie behewa la waya wa namna hii, mpe lile la nundu tatu la bei poa na sarafu tumboni. Wetu ana tisa, na analishika kwa chesisi kama nilivyomwonyesha, isipokuwa akiwa na marafiki.

Rangi nimechagua nyeusi tupu yenye namba nyeupe. Yapo yenye nembo za kampuni za mafuta, ya fedha, mekundu, ya njano, na yanauzwa haraka. Kwenye ubao wa futi 6 behewa la njano linaonekana kila linapopita, unalihesabu, na baada ya mizunguko kumi mji mzima unaonekana una behewa moja. Jeusi linapita kama lolote, na leo tunasema limekuja na petroli, kesho tunasema ni lingine. Kitu kimoja tu nilikikwangua kwenye lile la nundu tatu: kibandiko cha 1203. Ile ndiyo namba ya petroli duniani kote, nilitembea nayo mgongoni miaka kumi na mmoja, lakini kwenye mabehewa ya Marekani ya miaka ya 1950 haikuwapo.

Kuhusu wapi pa kununua: Walthers, Athearn, Atlas, Bachmann na InterMountain wote wametoa mabehewa ya mafuta ya HO ya enzi mbalimbali, na mengi mazuri yanapatikana kwenye maonyesho yakiwa yametumika kidogo. Ndugu zangu mlioko nyumbani mnaotaka kuiga reli ya kati ya zamani, jueni kwamba ile ni ya mita moja, na mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu. Reli ya mezani inayolingana nayo inauzwa kama HOm, milimita 12, na mabehewa niliyoyataja hapa hayatakaa juu yake mpaka uyabadilishe bogi. Mimi mwenyewe nilikulia Dodoma, nikiyahesabu mabehewa ya mafuta yakielekea Tabora, na siku moja nitalitengeneza moja lile. Siku moja, baada ya upande wa pili wa Kadee.

Lile refu limerudi kwenye maonyesho, nimeliuza dola 12 kwa mtu mwenye ubao unaojaza gereji. La sharubati mke wangu amelikatalia lisiuzwe; liko dirishani jikoni, kando ya chupa ya asali.

Jana usiku nilikuwa na zamu ya mapumziko. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono kwenye transfoma, mwanangu amepiga magoti macho yakiwa usawa wa reli, upande ule nisioona. Injini inasukuma jeusi kurudi nyuma kuingia depo, polepole, sentimita kwa sentimita, mashine ya kufulia ikikamua nguo nyuma yetu na ubao mzima ukitetemeka. "Lete," akasema. "Lete, lete, lete baba, bado kidogo... kata kulia." Nikamwambia treni haikati kulia. "Basi lete hivyohivyo. Hapo. Hapo hapo!" Bomba la waya lilikuwa juu ya nundu, milimita mbili pembeni. Akalisogeza bomba.